Siku moja Yosemite na bibi na watoto: fikeni kabla ya saa mbili

Swali: Shikamoo. Tunaishi Sacramento, mimi, mume wangu na watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Lushoto na anarudi katikati ya Juni. Amesikia habari za maporomoko ya Yosemite, hifadhi ya taifa hapa California, na anatamani kuyaona kabla hajaondoka. Magoti yanamsumbua, hawezi kutembea mwendo mrefu. Mume wangu ana nafasi Jumamosi tu, nasi tumepanga kwenda Jumamosi ya wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya mwishoni mwa Mei. Watu wanatutisha kwamba siku nzima itaishia kwenye foleni. Je, kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana? Tuanzie wapi? Mama Salma, Sacramento.

Marahaba, Mama Salma, na mama mpe shikamoo yangu. Inawezekana. Nimewapeleka wazee wengi kule, wengine na bakora, wengine wakisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na sikumbuki hata mmoja aliyejuta. Niliowaona wakijuta ni wale waliofika saa tano ya asubuhi.

Hifadhi yenyewe ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lakini maporomoko karibu yote mnayoyasikia yamekusanyika kwenye bonde moja tu, urefu wake kilomita 11 hivi na upana haufiki kilomita mbili. Mwaka 2016 waliingia hifadhini watu zaidi ya milioni 5, na mwaka 2024 zaidi ya milioni 4, na wengi wao hulikimbilia bonde hilohilo. Barabara ya kuingilia inapita upande wa kusini wa mto Merced, ya kutokea upande wa kaskazini, na kwa sehemu kubwa kila moja ni ya kwenda upande mmoja tu. Mchepuko hakuna. Maegesho yakishajaa, gari linalofuata kazi yake ni kuzunguka likisubiri mtu aondoke, na nyuma yake yanapangana mengine. Anayeingia saa moja na nusu anapata maegesho ndani ya dakika tano. Anayeingia saa tano anaweza kukaa saa mbili nzima akiyatazama maporomoko kupitia kioo cha mbele. Mimi na wanangu yalitukuta hayo safari yetu ya kwanza, kwa kosa langu la kuchelewa kutoka nyumbani, na mdogo alilala usingizi kabla hatujashuka garini.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakuomba ubadilishe siku. Jumamosi ya Memorial Day ni kati ya siku zenye watu wengi kuliko zote za mwaka. Kama baba watoto anaweza kuomba ruhusa ya siku moja kazini, nendeni Jumanne au Jumatano. Watoto kukosa darasa siku moja ili waende na bibi yao kuona kitu kama hiki, kwangu mimi ni halali kabisa. Kama ni lazima iwe Jumamosi, basi chukueni ya wiki moja kabla ya sikukuu au ya wiki inayofuata. Msisogeze zaidi ya hapo. Wapo watakaokwambieni msubiri Agosti shule zikiwa zimefungwa. Kwa Agosti mama atakuwa ameshaondoka, na hata angekuwepo, asingeona alichokifuata.

Hapo nieleze kidogo, maana watoto watauliza. Maji yale ni theluji iliyoyeyuka kwenye milima ya Sierra Nevada. Zamani mito ya barafu ilichimba bonde kubwa kwenda chini sana, mabonde madogo ya pembeni yakabaki yananing'inia juu, na vijito vyake vikifika ukingoni havina njia ya kuteremka polepole, vinajitupa. Yosemite Falls ina jumla ya mita 739, kwa hatua tatu: ya juu mita 436, ya kati 206, ya chini 98. Wewe uliyewahi kusikia habari za Sanje kule Udzungwa, ile ya mita 170 hivi, zidisha mara nne na bado haijafika. Lakini eneo linaloilisha lina mwamba wa matale mtupu, udongo ni haba, hakuna kinachoyashika maji yakae. Theluji ikiisha, nayo imeisha. Mei na mwanzo wa Juni inanguruma mpaka unaisikia kabla hujaiona. Agosti mara nyingi ukuta ni mkavu, na watu wanasimama wakiulizana maporomoko yako wapi. Bridalveil, yenye mita 188, hutiririka mwaka mzima kwa sababu maji yake hupita kwenye udongo na mbuga za majani juu kule, lakini hata yenyewe mwishoni mwa kiangazi hubaki kama uzi.

Sasa habari ya kwenda na kurudi. Kutoka Sacramento mpaka bondeni ni kama saa nne kwa gari bila foleni. Kwenda saa nne na kurudi saa nne, katikati saa kumi za kutembea na watoto: dereva atarudi akisinzia, na barabara za milimani hazimsamehe anayesinzia. Ushauri wangu ni kulala mjini Merced usiku wa kuamkia safari. Baba watoto akitoka kazini mnaondoka, mnateremka na barabara ya 99, mnalala. Mkishasali Alfajiri mnaingia barabara ya 140 kupitia Mariposa na El Portal, na saa kumi na moja na nusu mkiwa mmeondoka, saa moja na nusu mko bondeni. Ramani ya simu inaweza kuwapendekezea barabara ya 120 kupitia Groveland. Ni nzuri pia, ila ina mpando mkali wenye kona nyingi, na wa miaka minne anaweza kutapika. Ya 140 inafuata mto kwa sehemu kubwa na ina utulivu zaidi. Mama yeye kona haziwezi kumshtua. Aliyezoea kupanda kutoka Mombo kupitia Soni mpaka Lushoto ameshaona kona. Wala usihofu kuhusu kimo na pumzi zake: bonde liko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Lushoto kwenyewe kuko juu kuliko hapo.

Lipo pia basi la YARTS linalotoka Merced mpaka bondeni, na nauli yake inajumuisha kiingilio. Kwa familia yenye mtoto anayehitaji kulala mchana mimi huchagua gari, lakini kama mume wako atakuwa ametoka zamu ya usiku, pandeni basi bila kufikiri mara mbili.

Kiingilio cha gari moja ni dola 35, halali kwa siku saba. Kuhusu mama kuna jambo ambalo wengi halijawafikia. Tangu Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 au zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zinazojaa sana, na Yosemite imo. Wekeni hesabu hiyo mapema ili isije ikazusha mjadala getini mbele yake, akaona aibu na kusema turudini nyumbani. Wazee wetu ndivyo walivyo. Chukueni vitambulisho vyenu ninyi wakazi, na kadi ya benki badala ya fedha taslimu. Wiki moja kabla, fungueni tovuti ya hifadhi muangalie kama siku yenu inahitaji kuweka nafasi ya kuingia. Utaratibu huo ulianza 2020, mwaka 2023 haukuwepo, 2024 ukarudi, kwa hiyo msitegemee maneno ya jirani aliyekwenda mwaka mwingine.

Jazeni mafuta Mariposa. Bondeni hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Ramani pakueni kwenye simu mkiwa bado Merced, kwa kuwa mtandao kule hukatika, na watu wakiwa wengi hata palipo na mtandao haupiti.

Mkishaingia bondeni mtapita chini ya mwamba wa El Capitan, ukuta wa mita 900 na zaidi unaosimama wima, na watoto watapiga kelele msimame. Msisimame. Maporomoko ya Bridalveil nayo yatakuwa upande wa kulia yanawaita. Msisimame. Nendeni moja kwa moja mpaka maegesho makubwa ya Yosemite Village, kijiji cha huduma bondeni, egesheni, na kuanzia hapo gari msiliguse tena mpaka jioni. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Ukilitoa gari saa nne kwenda kutafuta mandhari nyingine, nafasi yako inachukuliwa kabla hujapiga kona, na siku yenu inaanza kuliwa na foleni. Ndani ya bonde kuna mabasi ya bure yanayozunguka siku nzima, na mama anaingia na bakora yake bila shida. Asubuhi yana nafasi. Kuanzia saa tano hujaa watu wanasimama.

Pandeni basi mpaka kituo cha Lower Yosemite Fall. Njia yote ya kuzunguka pale ni kilomita 1.6, imewekwa lami, lakini mama hana haja ya kuizunguka yote. Ifuateni kwa upande wa mashariki, ambao umenyooka zaidi na unapitika hata kwa kiti cha magurudumu. Kama kuna mtu hapo Sacramento anayeweza kuwaazima kiti hicho, kipakieni kwenye buti hata kama mama anasema hakihitaji. Asubuhi hatakihitaji. Saa nane mchana ataketi mwenyewe. Njiani kuna mahali pa kupumzika chini ya miti, na mwanzoni mwa upande wa magharibi kuna mahali ambapo anaona hatua ya juu na ya chini kwa pamoja, zimepangana moja juu ya nyingine. Mpeni muda pale. Wazee niliowapeleka karibu wote walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kuhadithia maji ya kwao.

Mkifika darajani, mwezi wa Mei manyunyu yanawalowesha kama mvua ya rasharasha, na ni ya baridi kweli. Mama avae koti juu ya dera, na watoto wawe na nguo za kubadilisha.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo, dada yangu. Mtaona watu wamepita daraja, wanarukaruka juu ya mawe kwenda karibu na maji, wengine na watoto mgongoni. Msiwafuate. Mawe yale yamesuguliwa na maji kwa miaka isiyohesabika, yanateleza hata yakionekana makavu. Mto wa Merced nao, kwenye kona zenye mchanga, unaonekana mtulivu, unavutia mtoto aingize miguu. Ni theluji iliyoyeyuka jana. Mwili unakufa ganzi kwa dakika chache, na mkondo wa chini una nguvu kuliko unavyoonekana juu. Julai 2011 vijana watatu walivuka uzio juu ya maporomoko ya Vernal, wakasombwa wakaanguka na maji, mbele ya macho ya wageni wengine. Siyasemi haya kuwatia hofu mkashindwa kwenda. Nayasema kwa sababu katika umati kila mzazi hudhani mwenzake ndiye aliyemshika mtoto. Gawaneni kabla ya kushuka garini: wa miaka minne ni wa nani, wa miaka minane ni wa nani, kwa majina. Mvalisheni mdogo fulana ya rangi kali, ya njano au chungwa. Na chagueni mahali pa kukutana mkipotezana, tuseme mlango wa jengo la wageni hapo kijijini, kwa kuwa simu inaweza isipatikane.

Kuanzia saa nne na nusu joto na watu vinaongezeka. Wakati huo mama na wadogo watafute kivuli, na baba na mkubwa wa miaka 12 wapate safari yao. Wapande basi mpaka Happy Isles, waianze njia ya kwenda Vernal Fall. Mpaka darajani, mahali pa kwanza pa kuyaona maporomoko, ni kilomita 1.3 hivi, ila ni mpando wa kama mita 120, wa kumtoa mtu jasho. Hapo wageuke. Kupanda mpaka juu kabisa kuna ngazi za mawe zaidi ya 600 zilizolowa, nyembamba, watu wanapishana kwa mabega, na siku ya umati mimi huwa sipeleki mtoto. Waambie wabebe maji ya kunywa, lita moja kila mtu.

Chakula pikeni nyumbani. Foleni ya chakula mchana bondeni ni ndefu na bei zake zinauma. Pilau kwenye hotipoti, maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai ya mama. Kuleni kwenye meza za mapumziko au pembeni ya uwanda wa Cook's Meadow, lakini msikanyage majani, pana njia za mbao kwa ajili hiyo. Kindi watakuja mpaka miguuni wakiomba. Msiwape kitu, wanang'ata, na vidonda vyao vinampeleka mtoto hospitali. Dubu mchana hamtamwona kirahisi, ila harufu ya pilau anaijua: chakula kinachobaki garini kifunikwe kisionekane, vioo vifungwe kabisa, na giza likiingia kisibaki garini hata kidogo. Dubu wa kule huvunja mlango wa gari kama anayemenya ndizi.

Kwa sala, kibla kutoka hapo ni kaskazini, ikielemea kidogo mashariki. Uwandani nafasi ipo tele na hakuna atakayewasumbua. Mama asitawadhie mtoni. Vyoo vya kijijini vina maji ya bomba na sakafu isiyoteleza.

Mkipumzika, mkubwa msimulie kitu ambacho vitabu vya shule hukipita upesi. Bonde hili waliishi Waahwahneechee, na mwaka 1851 kikosi cha wapiganaji wazungu kiliingia kuwafukuza. Mwaka 1864 Rais Lincoln alitia saini ya kulilinda bonde, na mwaka 1890 eneo linalolizunguka likawa hifadhi ya taifa. Kabla hapajawa na idara ya wahifadhi, ulinzi ulikuwa kazi ya jeshi, na katika miaka ya 1899, 1903 na 1904 waliotumwa kuilinda Yosemite walikuwa askari weusi wa vikosi vilivyoitwa Buffalo Soldiers, wakitoka San Francisco kwa farasi. Walizima moto wa misitu, wakawafukuza waliochungia mifugo kwa wizi. Mwanangu wa kwanza aliposikia hilo pale pale uwandani alitembea tofauti siku nzima iliyobaki, na kila alipomwona mhifadhi aliutazama ule mkofia wa ukingo mpana aliokuwa ameuvaa.

Alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, kila mtu anataka kutoka kwa pamoja, na barabara ya kaskazini inasimama. Msiingie humo. Mdogo alale kwenye mkeka, mama anyooshe miguu, mkubwa atazame wapanda miamba kwa darubini kama mnayo. Mwisho wa Mei jua linazama kama saa mbili na robo usiku, kwa hiyo muda mnao. Saa kumi na mbili na nusu hivi ndipo mrudi garini.

Njiani kutoka, vukeni daraja la Pohono mrudi upande wa kusini mpaka Bridalveil. Maegesho yake ni madogo na mchana hayashikiki, lakini jioni hupatikana nafasi. Njia ni fupi, kama mita 400 kwenda, ina mpando mdogo mwishoni. Mama akiwa amechoka asishuke, ataiona vizuri akiwa garini. Jua la jioni linaipiga kwa mbele, na upepo ukiyapeperusha maji mara nyingi upinde wa mvua unasimama katikati yake.

Kisha pandeni barabara ya 41 mpaka Tunnel View, dakika chache tu kutoka hapo. Maegesho yako kando ya barabara na ukuta mfupi wa mawe wa kuegemea, hatua kumi kutoka mlango wa gari. Hapo bonde lote linafunguka mbele: El Capitan kushoto, Bridalveil kulia, Half Dome mwisho kabisa, na jua la kuchwa limeangukia kuta zote. Picha ya mama na wajukuu ipigeni hapo, na mpeni kiti akae. Mkiondoka, mkabidhini usukani yule kati yenu wazazi aliyelala alasiri, na kama wote wawili macho ni mazito, simameni Mariposa mnywe chai iliyobaki kwenye chupa kabla ya kuendelea.